Stima, gesi au makaa? Kamba au draya? Ulinganisho wa kupika na kufua kwa mkazi wa Nairobi

Ukitafuta mtandaoni jiko lenye nafuu au mashine ya kufulia isiyokula stima, majibu mengi utakayopata yameandikiwa watu wa Marekani, Uingereza au Ujerumani. Kwa watu wa huko ni ushauri mzuri. Kwa mtu wa Umoja, Roysambu au Rongai unaweza kumpotosha, kwa sababu kinachomaliza pesa kule sicho kinachozimaliza hapa. Kule mzigo ni maji moto ya kufulia na draya ya kukaushia nguo. Hapa mzigo ni sufuria ya githeri iliyowekwa motoni saa tisa na kuepuliwa magharibi.

Nimeweka njia hizi bega kwa bega, nikianza na jikoni kwa kuwa ndiko kwenye pesa. Hesabu zangu zinatumia bei hizi: stima shilingi 28 kwa uniti (kilowati moja ikitumika kwa saa moja) pamoja na tozo na kodi, mtungi wa gesi wa kilo 13 kwa shilingi 3,200, na makaa shilingi 80 kwa kilo ukinunua gunia. Kama mtaani kwenu bei ni tofauti, weka yenu. Mpangilio wa nani wa kwanza na nani wa mwisho haubadiliki kirahisi.

Bei ya joto ni karibu sawa

Watu hubishana sana kuhusu gesi na stima, ipi ghali. Ukipiga hesabu ya joto linaloingia kwenye chakula hasa, si lile linalopotelea ukutani, ubishi huo unapoa.

Kilo moja ya gesi ya kupikia ina nishati ya uniti 12.8 hivi. Mtungi wa kilo 13 basi una takriban uniti 166, lakini moto wa gesi hupita pembeni mwa sufuria, na kinachofika chakulani ni kama 55%. Gawanya, utapata shilingi 35 kwa kila uniti ya joto lililofanya kazi.

Jiko la stima la koili hufikisha kama 70%, kwa hiyo ni shilingi 40. Jiko la induksheni, linalopasha sufuria yenyewe kwa sumaku, hufikisha kama 85%, kwa hiyo ni 33. Makaa yana uniti 8 kwa kilo, lakini hata lile jiko letu la bati lenye udongo ndani, lililobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand, hufikisha kama 30% tu. Hiyo ni shilingi 33 ukinunua gunia. Ukinunua kwa mkebe kila jioni, kilo hiyohiyo hupanda bei hadi joto likagharimu 50 au zaidi.

Yaani 33, 35, 40. Anayeuza kwa mkebe ndiye pekee aliyeachana na wenzake, na mteja wake ni yule mwenye pesa kidogo zaidi. Makaa kuitwa moto wa maskini ni masihara ya jiji hili: kwa kipimo cha mkebe ndiyo moto ghali kuliko yote mtaani. Mafuta ya taa yalikuwa kimbilio zamani, lakini tangu tozo ya kuzuia uchakachuaji ilipowekwa mwaka 2018, bei yake imekuwa ikikaribia ya dizeli na sioni sababu ya mtu kuanza nayo leo.

Basi tofauti inatoka wapi? Inatoka kwenye sufuria.

Githeri moja, njia tano

Chukua sufuria ya githeri ya familia: mahindi, maharagwe na maji, jumla kama kilo nne. Kuichemsha kutoka maji ya bomba hadi ianze kutokota kunahitaji joto la uniti 0.35 tu. Hiyo ni rahisi. Taabu ni saa tatu zinazofuata. Kila lita ya maji inayogeuka mvuke na kutoka dirishani hubeba uniti 0.63 za joto, yaani shilingi 22 kwa gesi. Githeri ya sufuria wazi hupoteza lita mbili bila shida, na mpishi huongeza maji ya kikombe, tena baridi. Unalipia kuyalainisha mahindi, halafu unalipia karibu mara nne yake kupasha hewa ya jikoni.

Nairobi ina tatizo la ziada ambalo mtu wa Mombasa halijui. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na huku maji hutokota yakiwa nyuzi 94 au 95 badala ya 100. Ongeza moto uwezavyo, maji hayapandi zaidi ya hapo. Yanakauka haraka tu. Ndiyo maana maharagwe yaleyale yanayoiva Kisauni kwa muda wa kawaida huku juu hukaa yakikutazama. Sufuria ya presha huvuka kizuizi hicho, kwa kuwa ndani yake joto hupita nyuzi 110.

Gharama zinakaa hivi, kwa githeri ya sufuria moja iliyolowekwa usiku:

| Njia | Gharama (sh.) | Muda motoni |
|---|---|---|
| Jiko la koili, sufuria wazi | 64 | saa 3 hivi |
| Makaa, jiko lenye udongo | 53 hadi 80 | saa 3 na zaidi |
| Gesi, sufuria wazi | 56 | saa 3 hivi |
| Gesi, presha ya mluzi | 20 | chini ya saa 1 |
| Sufuria ya presha ya umeme | 13 | chini ya saa 1 |

Tazama mstari wa kwanza na wa mwisho. Zote mbili ni stima, kutoka mita ileile. Moja ndiyo ghali na nyingine ndiyo rahisi kuliko zote ukiacha makaa ya mkebe pembeni. Kwa hiyo mtu akikuambia "kupika na stima ni ghali", muulize alipikia nini. Sufuria ya presha ya umeme imefunikwa kwa ukuta wa kuzuia joto, na ikishafika presha hujizima na kujiwasha kidogo kidogo. Ina nguvu ya wati 1,000, lakini baada ya kufika presha huwaka kwa muda mfupi tu.

Kwa bei ya shilingi 9,000 hivi, na nyumba inayochemsha maharagwe, ndengu, githeri au nyama ngumu mara tatu kwa wiki, sufuria hiyo hurudisha pesa yake katika mwaka mmoja na miezi michache. Presha ya mluzi ya kuweka juu ya gesi hurudisha mapema zaidi, kwa kuwa bei yake ni ya chini, na haijali stima ikipotea. Kama ningeambiwa nimchagulie mtu kitu kimoja bila kujua anaishi wapi, ningechagua hiyo ya mluzi.

India wamelielewa jambo hili muda mrefu. Huko dengu na maharagwe ni chakula cha kila siku, na nyumba isiyo na presha ya mluzi ni ya kushangaza. Mpango wao wa Ujjwala wa kuwapa akina mama wa familia maskini gesi, ulioanza Mei 2016, ulikuta presha tayari iko rafuni katika nyumba nyingi. Kwetu gesi ilitangulia na presha inafuata kwa kusuasua, labda kwa sababu ya hadithi za kifuniko kilichopaa na kutoboa dari. Kifuniko hupaa pale mtu anapokilazimisha kufunguka kabla presha haijashuka, au tundu la mvuke likiziba kwa maganda. Lioshe tundu, usijaze zaidi ya theluthi mbili, au nusu ukipika maharagwe, na usiwe na haraka.

Pale presha isipofaa

Chapati haiivi kwenye presha, na ugali hausongwi humo. Bakuli la ndani la sufuria ya umeme huzunguka ukianza kusonga, halina mkono wa kushika, na mwiko hulikwaruza. Ugali, chapati, mayai, chai ya haraka na sukuma wiki: hizo ni kazi za gesi, na kwa muda mfupi zinaochukua gharama yake ni ndogo. Sukuma wiki ya dakika saba haiwezi kumfilisisha mtu kwa moto wowote.

Induksheni ni nzuri kwenye karatasi na ni ya kasi kweli, lakini inakwama kwenye kabati lako. Sufuria nyingi za Nairobi, hasa zile zinazogongwa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji, ni za alumini, na alumini haipati moto kwenye jiko hilo. Chukua sumaku ndogo, ya friji hata, ibandike chini ya sufuria. Isiponata, induksheni haitaiona. Ukijumlisha bei ya jiko na ya seti mpya ya sufuria, nafuu ya shilingi mbili kwa uniti itachukua miaka kuonekana.

Kuna pia hoja ya usalama, na hapa sitaki kuzungukazunguka. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hasa baridi ya Julai, huua watu wakiwa usingizini, kwa gesi isiyo na harufu. Wanaosema makaa yana faida ya kupasha nyumba joto wanasahau hilo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya watu milioni 3.2 mwaka 2020 kutokana na hewa chafu ya majumbani, na sehemu kubwa ya hewa hiyo hutoka kwenye moto wa kupikia. Gesi nayo ina hatari zake, na waliokuwa Embakasi gesi ilipolipuka Februari 2024 hawahitaji kukumbushwa. Nunua kwa muuzaji anayejulikana na upime mtungi palepale: uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye shingo yake, ongeza 13, na mizani iseme hivyo. Muuzaji mwenye haraka ya kukataa mizani amekwisha kujibu.

Majirani wanapikia nini

Kwa sensa ya 2019, chini ya 1% ya kaya za Kenya zilipika hasa kwa stima, gesi ilikuwa karibu robo, na zaidi ya nusu walitumia kuni. Hii ni katika nchi ambayo takriban 90% ya stima inayozalishwa humo hutoka kwenye mvuke wa ardhini kama wa Olkaria, maji, upepo na jua. Stima safi tunayo. Bei ndiyo inayotuzuia.

Ethiopia wamefika mbali zaidi kwa upande mmoja. Jijini Addis Ababa injera huokwa kwenye mitad ya umeme, sahani pana ya udongo yenye koili inayovuta wati zaidi ya 3,000. Mtu akiwasha kifaa hicho kwa bei ya Nairobi atajuta mwisho wa mwezi, lakini bei yao imekuwa ya chini kwa miaka mingi kwa sababu ya mabwawa. Tanzania, mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hutozwa shilingi 100 za kwao kwa uniti kabla ya kodi, ambazo ni kama tano za Kenya. Akipita hapo bei huruka mara tatu hivi au zaidi. Mwaka 2024 serikali yao ilizindua mkakati wa kufikisha 80% ya watu kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Afrika Kusini, kaya maskini hupewa uniti 50 bure kila mwezi katika manispaa nyingi, na uniti 50 zikipikiwa kwa presha ni chakula kingi.

Hapa Kenya ngazi ya bei iliyowekwa Aprili 2023 ina madaraja matatu: hadi uniti 30, kati ya 30 na 100, na zaidi ya 100. Bei ya msingi kabla ya tozo ilikuwa shilingi 12.22, 16.30 na 20.97. Daraja lako hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita. Maana yake ni kwamba nyumba inayotumia uniti 27 kwa mwezi, ikianza kupika kila kitu kwa stima, hailipii uniti za nyongeza tu, inahama daraja. Kwa nyumba ya namna hiyo, presha ya mluzi juu ya gesi inaweza kushinda ile ya umeme. Na kama uko kwenye ploti ya mita ndogo ambapo mwenye nyumba hupanga bei yake mwenyewe, uliza bei hiyo kabla ya kununua chochote chenye waya.

Kufua: mashine haina kosa, kosa ni maji moto

Mashine ya kufulia imepewa jina baya. Kwa maji baridi, ile inayozungusha kilo saba za nguo hutumia uniti 0.1 hadi 0.2, yaani shilingi tatu hadi sita. Chai ya birika la umeme kwa watu wanne haiko mbali na hapo. Weka nyuzi 60 na mashine ileile hula uniti moja au zaidi, shilingi 30 hivi. Karibu ongezeko lote ni la kupasha maji.

Na hapa ndipo nchi zinapotengana.

Ulaya mashine nyingi ni za mlango wa mbele, huingiza maji baridi peke yake na kuyapasha ndani. Ndiyo maana Wazungu wa huko hubishana kuhusu nyuzi 30 na 40 kama sisi tunavyobishana kuhusu mafuta ya petroli. Ujerumani, ambako uniti moja imekuwa ikigharimu kama senti 40 za euro, kubadili kutoka 60 hadi 30 ni pesa ya kuonekana. Italia nyumba nyingi zina mkataba wa kilowati tatu tu: washa oveni na mashine ya kufulia pamoja, stima inakatika na mtu anatumwa chini kwenye mita. Mpangaji wa Kasarani anayejua kutowasha birika mtu akiwa kwenye shawa angejisikia nyumbani kabisa huko.

Marekani ni habari nyingine. Mashine zao za zamani za mlango wa juu hujaza pipa zima la maji, mara nyingi ya moto kutoka kwenye tangi lililokuwa likipashwa usiku kucha, kisha nguo huenda kwenye draya. Draya ya kawaida ya umeme hula uniti tatu hivi kwa mzigo. Kwa bei yetu hiyo ni shilingi 84 kukausha ndoo moja ya nguo, wakati kuzifua kwa maji baridi kuligharimu sita. Na uniti yao, iliyokuwa wastani wa senti 16 au 17 za dola mwaka 2024, ni nafuu kuliko yetu. Kuna mitaa huko ambayo sheria za chama cha wakazi hukataza kamba ya nguo isionekane barabarani. Hiyo ni anasa ya kulipia kitu ambacho upepo ungefanya.

Japani ndio wanaofanana nasi, na hawasemwi vya kutosha. Wana pesa, wana mashine za kisasa, lakini wengi hufua kwa maji ya bomba yasiyopashwa na kuanika kwenye roshani. Zaidi ya hapo, mashine nyingi za huko huja na mpira wa kuvuta maji yaliyobaki kwenye bafu la jioni ili yafulie nguo. Mtu wa Pipeline anayemwaga maji ya kusuuza kwenye choo anaelewa falsafa hiyo bila kufundishwa.

Kabla hujalipa Luthuli Avenue

Maduka ya vifaa vya umeme yatakuonyesha kwanza mashine ya mlango wa mbele yenye kibandiko cha herufi A. Nimesikia mazungumzo ya aina hii mara nyingi:

"Madam, hii ni ya kilo nane, A kabisa, stima haiskii."

"Na maji yakiwa ya mtungi?"

"Ya mtungi utaimwagia wapi, madam? Hii inataka bomba lenye presha."

Swali la mama huyo lina thamani kuliko kibandiko. Kibandiko cha Ulaya, kilichopangwa upya Machi 2021 kwa herufi A hadi G, hueleza uniti kwa mizunguko 100 ya programu iitwayo eko 40-60. Kama wewe utafua kwa maji baridi, karibu tofauti yote kati ya A na D inatoweka, kwa kuwa ilikuwa tofauti ya kupasha maji. Usilipe elfu kumi zaidi kwa herufi ambayo hutaitumia. Wala usivutiwe na kitufe cha kuchelewesha mashine hadi usiku. Uingereza na Ufaransa kuna wateja wenye bei nafuu ya usiku, ndiyo maana kitufe kipo. Mteja wa nyumbani hapa hulipa bei ileile saa zote, na nguo zilizomaliza kufuliwa saa tisa usiku zitakungoja mle ndani zikinuka uvundo.

Kwa mtaa wenye mgao wa maji, mashine ya mapipa mawili ndiyo yenye akili. Unaimwagia maji kwa ndoo, unafua nyeupe kwanza, kisha za rangi kwa maji yaleyale ya sabuni, halafu pipa la pili linakamua. Inakutaka usimame karibu, na haifuti jasho lote, lakini haigomi bomba likikauka katikati ya mzunguko. Ya mlango wa mbele hutumia maji machache, kama lita 50 kwa mzigo, ila ni lazima yaje yenyewe. Anayekaa kwenye jengo lenye tangi juu ya paa na kisima chake anaweza kuichukua. Ajue tu kwamba maji ya kisima ya upande wa Embakasi na Syokimau mara nyingi ni ya chumvi: sabuni haitoi povu sawasawa, na chuma cha kupashia maji hujaa ukoko. Hiyo ni sababu nyingine ya kufua baridi.

Kukamua kunastahili mistari yake. Kuondoa maji kwa kuzungusha nguo kwa kasi hutumia stima kidogo mno kuliko kuyaondoa kwa joto. Mashine inayozungusha mara 1,200 kwa dakika hutoa nguo ambazo jua la asubuhi linamaliza kabla ya saa sita, hata zikiwa kwenye kizimba cha paani chenye kufuli. Ukilinganisha mashine mbili za bei moja, angalia namba hiyo kabla ya herufi.

Na mama fua? Stima yake ni sifuri, ujira wake ni mamia ya shilingi kwa siku moja ya kufua, na ukiweka namba peke yake mashine ya shilingi 30,000 humshinda kabla ya mwaka wa pili kwisha kwa nyumba inayomwita kila wiki. Mimi sipendi hesabu hiyo inapoishia hapo. Yeye pia hufua mapazia, hupiga deki, na blanketi zito analolitoa safi lingeivunja mashine ya kilo sita. Nyumba nyingi ninazozijua zimeishia na vyote viwili: mashine kwa nguo za shule na za kazi, mama fua mara moja au mbili kwa mwezi kwa yale mazito. Mtoto mchanga akiwepo nyumbani, uwiano hubadilika, kwa sababu nepi hazingoji Jumamosi.

Draya kwa Nairobi, basi, siipendekezi ila kwa mtu mmoja: anayeishi kwenye jengo lisilo na paa la kuanikia wala roshani, mwenye watoto wadogo, Aprili mvua inaponyesha wiki nzima au Julai jua lisipotokea. Hata huyo achukue yenye pampu ya joto, ambayo hula nusu ya stima au pungufu, na bei yake ya dukani itamfanya afikirie mara mbili. Wengine tunaweka kamba sebuleni na feni ndogo ya wati 50. Ikikaa usiku kucha, saa kumi, ni nusu uniti, shilingi 14. Fungua dirisha kidogo, la sivyo ukuta utaota ukungu.

Nani achukue nini

Bedsita, mtu mmoja au wawili, stima chini ya uniti 30: gesi ya kilo sita, presha ya mluzi, kufua kwa mkono au mama fua. Usiguse induksheni.

Familia ya watano yenye mita yake yenyewe, tayari imo kwenye daraja la kati: gesi ya kilo 13 kwa ugali na chapati, presha ya umeme kwa vyote vinavyochemka muda mrefu, na mashine ya mapipa mawili au ya mlango wa mbele kulingana na maji. Hapo pia angalieni shawa kabla ya kulaumu jiko. Shawa ya papo kwa papo huvuta kilowati tano; dakika sita ni nusu uniti. Watu wanne wakioga kila siku ni uniti 60 kwa mwezi, karibu shilingi 1,700, zaidi ya kufua na kuchemsha maharagwe kwa pamoja.

Anayepikia biashara, yule wa kibanda anayetoa madondo na chapati tangu alfajiri, ana hesabu yake. Chapati zitabaki kwenye makaa au gesi, lakini madondo ya sufuria kubwa ndiyo yanayomla faida. Presha kubwa ya mluzi ya lita 15 juu ya gesi ingemwachia pesa kila siku, na moshi ungepungua kwa wateja wanaokaa kwenye benchi.

La mwisho ni kwa wenye ndugu Marekani. Shangazi akikuuliza akuletee nini, usimwambie sufuria ya presha ya umeme. Stima yao ni volti 120 na yetu ni 240. Nyingi za huko zikichomekwa hapa moja kwa moja zinaungua siku ya kwanza. Mwambie alete presha ya mluzi ya chuma cha pua, isiyo na waya.